Faraji wa Pili

Mimi ni fundi wa mabuibui, Kibokoni,
mlango wa tatu ukimpita muuza viazi karai,
na saa mbili kamili usiku cherehani yangu husimama.
Mteja akija, angoje. Au aingie, akae, anyamaze.

Natazama "Nyumba ya Ukuta Mmoja",
sehemu ya mia na kumi na nne,
na sifichi: yule Saudina simpendi.
Si kwa roho mbaya. Kwa buibui.
Wamemtoa bara, sawa, riziki haina mpaka,
lakini mtoto wa Mji wa Kale hashiki mtandio kwa mikono miwili
kama aliyebebeshwa trei ya mayai.
Tena asema, "Mimi naenda kwa bahari."
Kwa bahari! Kwani bahari ni mjomba wake?
Mishi wa jirani alicheka hadi kahawa ikamtoka puani.

Wangempa Saudina yule dada aliyecheza mtumishi,
mwenye jicho moja dogo kuliko jenziwe.
Maneno manne tu alipewa: "Chai tayari." "Bwana katoka."
Lakini alivyolisema lile "Bwana katoka"
nikajua kaenda kwa nani, na kwamba harudi leo.
Hicho ndicho kipaji. Kwengine ni poda.

Bi Tima, mama mkwe, mtaa mzima wamlaani.
Mimi niko upande wake, nimeshagombana na watu watatu.
Mwanamke kajenga nyumba kwa mahamri, tofali kwa tofali,
leo aletewe mwali asiyejua kukuna nazi,
amwambie "karibu binti yangu" siku ya kwanza?
Kuna wabaya walioandikwa wabaya,
na kuna waliochoka, mwandishi akakosa neno.

Haya, Faraji.

Faraji wa kwanza alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vyema.
Mrefu; kila mlango huuinamia, hata usiomgusa.
Sehemu ya tisini akasafiri, Maskati, kutafuta.
Sehemu ya mia akarudi,
na hakuwa yeye.
Mtu mwengine kabisa! Mfupi, kidevu kina shimo,
asema mbiombio kama mwenye deni.
Ati yule wa kwanza walishindana mshahara.
Na mle ndani hakuna aliyeshtuka.
Saudina kamkumbatia. Watoto: "Baba! Baba!"
Bi Tima, hata Bi Tima wangu,
aonaye vumbi la nyuma ya kabati,
kamwekea sahani ileile.

Tulipiga kelele hadi muuza viazi akaja kuuliza nani kafa.
Mishi akaapa hatazami tena.
(Kesho yake alikuja mapema, na mto wake wa kukalia.)
Wapi na wapi, ubadilishe mtu
ubakishe jina, na sisi tuitikie?

Nami nilipiga kelele. Kisha nikarudi kwenye cherehani,
nikatunga uzi. Ukakataa tundu mara nne.

Mume wangu alikaa Doha miaka saba.
Aliondoka akiimba bafuni, akila embe bichi kwa chumvi na pilipili,
akiniita jina ambalo siku hizi hakuna alijuaye.
Pale uwanja wa ndege akatoka mtu na sanduku lake,
na shati nililomshonea mimi, likimbana mabegani.
Wali aula kwa kijiko. Alala akiuelekea ukuta.
Watoto: "Baba! Baba!"
Mamake kamwekea sahani ileile.
Nami nikamkumbatia,
vizuri, mbele ya watu, bila kukosea.

Basi yule Saudina namrudishia neno moja.
Lile kumbatio la sehemu ya mia:
mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo kufika mgongoni.
Nilidhani kasahau.
Nimelitazama tena marudio ya Jumamosi, kiti nimekisogeza karibu.
Hakusahau.

Lakini mtandio, bado.